Jinsi ya kuchora ndege ya abiria ukianzia kwenye injini: ziwe ngapi, na uziweke wapi

Vijana wengi wa Mwanza wanaopenda ndege, hasa nyie wa Pasiansi, Ilemela na Igombe ambao zinapita juu ya bati zenu kila siku, mkianza kuchora mnaanza na bodi ndefu, mnaweka madirisha, mabawa, rangi za shirika, halafu injini mnazibandika mwishoni kabisa pale ambapo karatasi imebaki na nafasi. Naomba mgeuze. Anza na injini, kwa sababu ukishaamua ziko ngapi na zinakaa wapi, basi urefu wa miguu ya magurudumu, ukubwa wa mkia, mahali bawa linaposhika bodi, mpaka abiria wakae wapi, vyote vinafuata, na ukikosea hapo utafuta karatasi nzima.

Kabla ya penseli, andika kazi ya ndege juu ya karatasi. Tuchukue ya kwetu hapa: abiria 130 hivi, Mwanza kwenda Dar, karibu km 850 hewani. Halafu andika na kitu ambacho wengi wanakisahau, uwanja wetu uko juu, mita 1,140 na ushee kutoka usawa wa bahari, maana ziwa lenyewe liko juu hivyo. Hewa ya hapa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 ukilinganisha na ya Dar, na jua la saa nane mchana likiwaka inazidi kuwa nyepesi, kwahiyo injini inapata hewa kidogo ya kusukuma na bawa nalo linapata hewa kidogo ya kulibeba. Ndege ileile, mzigo uleule, inahitaji njia ndefu zaidi kuruka Mwanza kuliko Dar. Hilo liweke kichwani mpaka mwisho.

Sasa idadi. Usihesabu injini zinazotosha kuinyanyua ndege siku ambayo kila kitu kiko sawa, hesabu ukianzia siku mbaya: ndege imeshapita ile spidi ambayo rubani hawezi tena kufunga breki akasimama ndani ya uwanja, pua inanyanyuka, na injini moja inazima papo hapo. Inabidi iendelee kupanda na zilizobaki. Sheria za kimataifa zinadai kwamba ikishakunja magurudumu huku injini moja imekufa, kwa kila mita 1,000 inazosogea mbele ipande angalau mita 24 kama ni ya injini mbili, 27 kama ni ya tatu, 30 kama ni ya nne.

Piga hesabu hii mwenyewe kwenye daftari. Tuseme ili ipande hivyo inahitaji msukumo wa kilonewtoni 100 (kilonewtoni ni kipimo cha nguvu) kutoka kwenye injini zilizobaki. Ukiwa na injini mbili, inabaki moja, kwahiyo kila moja lazima iwe na 100 na jumla ndege inabeba 200. Ukiwa na tatu zinabaki mbili, kila moja 50, jumla 150. Ukiwa na nne zinabaki tatu, kila moja 33 na kidogo, jumla 133. Umeona kilichotokea? Ndege ya injini mbili siku ya kawaida, zote zikiwa hai, ina nguvu maradufu ya ile inayohitaji, ndo maana ukisimama upande wa ziwa ukaangalia Airbus A220 ikitoka unaiona inakata hewa kwa mwinuko mkali kweli, wakati ndege kama Airbus A340-300 yenye injini nne ilijulikana dunia nzima kwa kupanda taratibu. Kwa uwanja ulio juu kama wetu hiyo akiba ni dhahabu.

Najua kuna watu hapa watasema nne ni salama zaidi kwa sababu ikifa moja zinabaki tatu. Fikiria tena. Kama kila injini ina uwezekano fulani wa kuleta shida, ukiweka nne badala ya mbili umeongeza maradufu uwezekano wa siku moja kupata shida ya injini, na umeongeza maradufu mabomba, pampu, nyaya, na saa za mafundi kuzikagua. Zamani watu walichora nne kwa sababu injini zenyewe zilikuwa dhaifu, hawakuwa na njia nyingine. Leo injini moja tu ya GE90-115B inayokaa kwenye Boeing 777-300ER ina msukumo wa kilonewtoni 513 hivi, hiyo ni zaidi ya mara mbili ya injini zote nne za Boeing 707 za kwanza ukizijumlisha.

Kilichobakia kuwatetea wa nne kilikuwa bahari. Mwaka 1953 Marekani waliweka kanuni kwamba ndege ya injini mbili isiende mbali zaidi ya dakika 60 kutoka uwanja inaoweza kutua, kwa mwendo wa injini moja. Injini zilivyozidi kuaminika kanuni ikalegezwa, 1985 ikafika dakika 120, 1988 ikafika 180, na Airbus A350 imeruhusiwa mpaka 370. Hapo ndo soko la injini nne likafa, A340 iliacha kutengenezwa 2011, A380 ikafuata 2021, na Boeing 747 ya mwisho kabisa ilikabidhiwa Januari 2023. Kwa safari yetu ya Dar hii kanuni haikusumbui kabisa, njiani una Tabora, una Dodoma, una Kilimanjaro pembeni. Ila ukichora ya kuvuka Bahari ya Hindi kwenda Mumbai, kazi wanayoifanya Boeing 787 za Air Tanzania, hapo lazima uifikirie.

Tatu je? Tatu ilikuwa njia ya kati, Boeing 727 iliruka mara ya kwanza 1963, halafu zikaja DC-10 na L-1011 mwaka 1970. Shida ya tatu ni ile ya katikati, hujui uiweke wapi, unaishia kuipandisha kwenye mkia ambako fundi anahitaji ngazi ndefu na mtambo wa kuishusha. Na kuna jambo zito zaidi. Tarehe 19 Julai 1989 DC-10 ya United, shirika la Marekani, ilipasuka diski ya feni (lile panga kubwa la mbele ya injini) kwenye injini ya mkiani, vipande vikakata mabomba ya mifumo yote mitatu ya haidroliki, yaani mafuta ya presha yanayosogeza vibao vya kuongozea ndege, kwa sababu yote yalipita karibu na hapo, marubani wakabaki wanaiongoza ndege kwa kuongeza na kupunguza moto wa injini mbili za mabawani mpaka Sioux City. Kati ya watu 296 walipona 184. Kila nikiisoma habari hiyo nawaheshimu wale marubani upya, lakini kwa mchoraji somo ni moja: popote unapoweka injini, chora mstari wa kuizunguka ubavuni usawa wa feni na usawa wa mitambo inayozunguka, halafu uangalie nini kiko kwenye huo mstari, maana ikipasuka vipande vinatoka kwa kwenda pembeni. Mabomba mawili ya kazi moja yasikae pamoja hapo.

Kwahiyo kwa kazi yetu, mbili. Hapo sina mjadala.

Sasa kazi ngumu, uziweke wapi.

Njia ya kwanza ilikuwa kuzificha ndani ya bawa, pale bawa linapoungana na bodi. Ndivyo ilivyokuwa Comet ya Uingereza, ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria kibiashara, 1952, na shirika letu la pamoja la zamani, East African Airways, lilirusha Comet 4 kuanzia 1960. Inapendeza sana kwa macho, hakuna kinachoning'inia. Lakini injini ikiwaka moto iko katikati ya mafuta na ubavuni kwa abiria, fundi akitaka kuitoa anafungua bawa, na mwaka ujao ikija injini yenye feni kubwa zaidi haiingii. Usiichore.

Njia ya pili ni kuzining'iniza chini na mbele ya bawa, na hii ndo utaiona kwenye ndege nyingi za leo. Watu wanadhani ni kwa sababu ya nafasi tu. Sababu kubwa ni uzito. Ndege ikiwa hewani bawa linavutwa kwenda juu na bodi inavuta kwenda chini, kwahiyo pale kwenye maungio bawa linataka kukunjika. Injini ya tani kadhaa ikining'inia nje kidogo ya maungio inalivuta bawa kwenda chini na kupunguza ule mkunjo, kwahiyo unaweza kulijenga bawa jepesi zaidi. Na kwa kuwa injini imetokeza mbele ya bawa, uzito wake unasaidia bawa lisianze kutetemeka vibaya kwenye spidi kubwa. Ongeza na fundi anayefungua kifuniko akiwa amesimama chini, pamoja na moto ambao ukitokea uko mbali na abiria. Faida ni nyingi aisee.

Gharama zake ni tatu na lazima uzichore zote.

Ya kwanza ni kuvutwa upande. Injini ya kushoto ikifa, ya kulia inaisukuma ndege upande mmoja tu, inageuka kama mtumbwi unaopigwa kasia upande mmoja. Pima: injini ya kilonewtoni 100 iliyoko mita 5 kutoka mstari wa katikati inageuza ndege kwa nguvu ya 500, yaani 100 mara mita 5. Mkia ulioko mita 17 nyuma lazima utoe karibu kilonewtoni 29 za pembeni kuizuia, yaani 500 gawanya kwa 17, na utoe hata ndege ikiwa bado na spidi ndogo, wakati hewa inayopita kwenye mkia haijawa na nguvu. Ukiisogeza injini nje mpaka mita 7 nguvu ya kugeuza inakuwa 700 na mkia unapanda hadi 41. Ndo maana mikia ya ndege za injini mbili ni mikubwa hivyo, na ndo maana injini hazisogezwi mpaka nchani mwa bawa hata kama zingelisaidia bawa.

Ya pili ni vitu vinavyonyonywa, mchanga, kokoto, na maji yanayorushwa na gurudumu la mbele mvua ikinyesha. Halafu ndege wa kuruka wenyewe. Sisi wa ziwani tuna korongo na mwewe kibao kwa sababu ya samaki, ukipita Mwaloni Kirumba unawaona wenyewe. Injini zinapimwa kwa kurushiwa ndege kabla ya kuruhusiwa lakini kundi zima la ndege wakubwa ni habari nyingine, tarehe 15 Januari 2009 Airbus A320 ya US Airways iliingiza bata bukini kwenye injini zote mbili ikatua kwenye mto Hudson kule New York, wote 155 wakapona. Mahali pa kuweka injini hapawezi kukukinga na kundi zima, kinachosaidia hapo ni usafi wa uwanja na mazingira yake, yaani kutotupa matumbo ya samaki karibu na njia ya ndege.

Ya tatu ni nafasi kati ya injini na ardhi, na hapa nataka ukae kidogo kwa sababu ndipo palipoumiza watu.

Boeing 737 iliruka mara ya kwanza Aprili 1967 ikiwa imechorwa chini chini makusudi, ili mizigo ipakiwe kwa mikono na ngazi iwe fupi. Injini za wakati ule zilikuwa nyembamba na ndefu, zilibanwa moja kwa moja chini ya bawa, na Air Tanzania ilikuwa nazo 737-200 kuanzia mwishoni mwa miaka ya 70. Baadaye feni pana zikaonekana zinakula mafuta kidogo zaidi, maana kusukuma hewa nyingi taratibu kunagharimu kidogo kuliko kusukuma hewa kidogo kwa kasi kubwa. Ila ile ndege ilikuwa fupi. Kwenye 737-300 wakaisogeza injini mbele na kusawazisha mdomo wake chini ndo ukaona ule mdomo usio duara. Ikaja 737 MAX yenye injini za LEAP, feni ya karibu mita 1.76, wakaisogeza mbele zaidi na juu zaidi. Hapo injini, pamoja na ganda lake, ikiwa mbele vile, ilianza yenyewe kuinua pua zaidi ndege ikiwa imeshainua pua sana, na Boeing wakaweka programu ya kusukuma pua chini ambayo ilitegemea kipimo kimoja tu cha pembe ya hewa. Oktoba 2018 ikaanguka ya Lion Air, Machi 2019 ikaanguka ya Ethiopian iliyokuwa inatoka Addis kuja Nairobi, wakafa watu 346 jumla. Ndege zikazuiwa dunia nzima mpaka programu ilipotengenezwa upya na kutumia vipimo viwili, zikarudi kuanzia mwishoni mwa 2020. Chanzo cha safari nzima ile ilikuwa miguu mifupi iliyochorwa miaka ya 60.

Kwahiyo kwenye karatasi yako acha nafasi. Chora injini ya leo, halafu kwa mistari ya nukta chora nyingine pana zaidi kwa robo, na hiyo ya nukta isiguse ardhi hata ndege ikiwa imelala bawa moja kidogo wakati wa kutua kwa upepo wa pembeni. Ukitaka kuona tofauti, A220 ikiwa imepaki angalia feni yake ya karibu mita 1.85, mdomo duara kabisa, na bado ina nafasi chini, kwa sababu ilichorwa upya karne hii, iliruka mara ya kwanza 2013. Kisha ukibahatika kuona 737 MAX 9 angalia mdomo wa injini ulivyo chini na mguu wa mbele.

Njia ya tatu ni kuzipeleka nyuma, pembeni ya mkia. Hii ina historia na sisi. BOAC, shirika la ndege la Uingereza, ilitaka ndege ya kwenda kwenye viwanja vya Afrika vilivyo juu na vyenye joto, Nairobi na Johannesburg, na njia zake za wakati ule zilikuwa fupi kwa jeti. Watengenezaji wa ndege Vickers wakachora VC10 yenye injini nne zote nyuma, ili bawa libaki safi kuanzia bodini mpaka nchani, lijae vifaa vya kuongeza nguvu ya kuinua bila kukatwa na injini. Iliruka 1962, na East African Airways ikapata Super VC10 kuanzia 1966. Kwa kazi ya kupaa kwenye hewa nyepesi ilikuwa hodari kweli, na kelele zote zinabaki nyuma, na ikifa injini moja haikuvuti sana upande kwa sababu ziko karibu na katikati. Mimi naipenda ile ndege kuliko zote za zama zake.

Lakini zilitengenezwa 54 tu. Bawa lilikosa ule uzito wa kulivuta chini kwahiyo likajengwa zito, mkia nao ukajengwa mzito kubeba injini, na ndege nzima ikala mafuta kuliko 707. Viwanja vikarefushwa, sababu yake ikaisha. Kuna na hatari nyingine: injini zikikaa nyuma, lile bawa dogo la mkia linapandishwa juu kabisa, na pua ikiinuka kupita kiasi ule mkia unaingia kwenye hewa iliyovurugwa na mabawa na hausikii tena amri. Oktoba 1963 BAC One-Eleven ya majaribio ilianguka hivyo na wote waliokuwemo wakafa, na tangu hapo ndege za namna hiyo zinawekewa kifaa cha kumsukuma rubani usukani mbele. Pia uzito ukiwa nyuma, ndege tupu inataka kukalia mkia, Ilyushin Il-62 ya Urusi iliwekewa kabisa mguu mdogo wa nyuma wa kuizuia ikiwa imepaki.

Ila usiifute hii njia. Kwa ndege ndogo, za watu 10 mpaka 70 hivi, bodi iko chini mno, injini ikining'inia bawani itaburuza, kwahiyo nyuma ndo mahali pake. Gulfstream ya serikali ukiiona imekuja na viongozi iangalie utaelewa.

Ya nne ni bawa la juu. Wazee wa Mwanza wanazikumbuka Ilyushin Il-76 zilizokuwa zinakuja kubeba minofu ya sangara kwenda Ulaya, bawa limepita juu ya bodi, injini nne zinaning'inia chini yake mbali kabisa na mchanga. Hiyo ilichorwa kwa viwanja vibovu na bodi iliyo chini ili gari lipakie moja kwa moja. ATR na Q400, zile pangaboi, nazo bawa liko juu kwa sababu panga lazima lipate nafasi ya kuzunguka. Kwa jeti ya abiria 130 bawa la juu lina kero yake, magurudumu yanakosa bawa la kujikunja ndani, inabidi uyabebe kwenye bodi. Kwa mizigo ichore, kwa abiria wengi hapana.

Jambo dogo la kuangalia, kile kitundu mwishoni kabisa mwa mkia kinachotoa joto sio injini ya tatu. Ni kamtambo ka umeme na hewa ya kuwashia injini kubwa, hakaisukumi ndege. Kachore lakini usikahesabu.

Mwisho lijaribu wazo lako kwa mikono. Tafuta boksi la foam la kupakia samaki lililovunjika, kata bodi ya sentimita 50 na bawa la sentimita 60, na kibawa cha mkia, usiligandishe bawa bado, lifunge na raba. Bandika sarafu mbili chini ya bawa, moja kila upande, kisha lisogeze bawa mbele au nyuma mpaka ndege ikae sawa ukiishika kwa vidole viwili kwenye robo ya upana wa bawa kutoka mbele. Weka alama. Toa sarafu, zibandike nyuma pembeni ya mkia, usawazishe tena. Utaona bawa limebidi lirudi nyuma sana, pua imekuwa ndefu, na umbali kutoka bawani mpaka mkiani umepungua, kwahiyo kibawa cha mkia kinataka kuwa kikubwa zaidi ili kiwe na nguvu ileile. Rusha zote mbili asubuhi kabla upepo wa ziwa haujaanza, kwanza ukiwa na kibawa kilekile, halafu ukikatia kikubwa zaidi ile ya sarafu za nyuma, na andika kila mara imeenda hatua ngapi na imeangukia pua au mkia. Ukimaliza rudi kwenye mchoro, ipe injini ya kushoto namba 1 na ya kulia namba 2, kushoto kwa rubani aliyekaa kitini sio kwa wewe unayeiangalia kwa mbele.